Salamu Iliyoniponyoka

Jumatatu, 3 Septemba 1979. Andoany
Nimechambua mchele. Nimefua. Mama hasemi nami. Mtihani wa bakaloria nimeanguka mara ya pili, hisabati tano kwa ishirini. Majirani wananiita Profesa. Wacheke tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shule ya wakunga ya Mahajanga inapokea hata walioanguka, wakipita usaili. Nisipoingia, naozwa kwa yule mwenye duka wa Nosy Komba. Simtaki.

Jumatano, 12 Septemba
Kesho meli. Mama kanisihi: huko sema wewe Msakalava, mwenyeji, basi. Si uongo, yeye ni Msakalava. Lakini marehemu baba alikuwa Mkomoro, na tangu zile ghasia za Mahajanga, Wakomoro walipouawa, ndugu zake wote wamekimbilia Komoro. Shiromani ya bibi, ile nguo ya kujitanda ya Kikomoro, nimeiacha sandukuni. Nimeona haya kuifungia kifuniko.

Jumapili, 16 Septemba. Mahajanga
Nimepita ilipokuwa nyumba ya ami. Wanakaa watu nisiowajua. Wameanika nguo kwenye kamba ileile. Sikubisha hodi.

Jumanne, 18 Septemba
Usaili. Nimeharibu.
Tulikuwa wengi barazani hospitalini, tunangoja kuitwa. Muuguzi akapita akimsukuma kikongwe kwenye kiti cha magurudumu. Amevaa shiromani, hatazami mtu. Ulimi hauna mfupa. "Kwezi, koko," nikamwamkia, kama Wakomoro wote tunavyofunzwa kuwaamkia bibi zetu. Akainua kichwa. "Mbona," akajibu, ndiyo marahaba ya wazee wetu.
Wasichana wawili wakasogea mwisho wa benchi. Nilitaka ardhi inimeze.
Ndani, mkuu wa shule akasoma alama zangu, akaguna. Kisha akauliza mimi ni Mkomoro? Muuguzi kamwambia yule bibi tangu alazwe hajamjibu mtu, ila mimi. Ningeweza kukana. Mama angetaka nikane. Nikasema ndiyo, kwa baba.

Ijumaa, 21 Septemba
Nimechukuliwa! Jina la mwisho kabisa, kwa majaribio, na hisabati nirudie. Mkuu anataka mtu atakayesema na wale wazee wa Kikomoro waliobaki. Nimezunguka soko zima nikitafuta wa kumwambia. Sikumpata. Nikanunua ndizi, nikala peke yangu.

Alhamisi, 4 Oktoba
Bwenini wananisalimu kwa kichwa tu. Vitanda vya kando yangu vitupu. Inauma. Naandika Kiswahili cha baba, hapa hakuna wa kukisoma. Kila asubuhi kabla ya darasa nampitia koko wodini. Namwamkia, ananijibu, ananishika mkono. Hatuna mengi ya kusema. Basi, siku yangu imekaa sawa.

Jumatatu, 15 Oktoba
Kitanda cha koko kimetandikwa shuka safi. Amefariki jana usiku. Watu wa msikiti wamekwishamchukua. Nilikuwa nimeshasema "kwezi" mlangoni, kwa mazoea.
Nikangoja kidogo. Nikajijibu mwenyewe, taratibu: mbona.
Kisha nikaenda darasani. Kipindi cha kwanza, hisabati.