Wali Aliokaanga Ansoifa Siku ya Msako

Mwaka umetimia, Ansoifa, tangu homa ya siku nne ikuondoe mikononi mwetu hapa Antanimasaja, mtaa wetu wa Mahajanga. Watu wanatarajia nikuandikie kwa machozi. Unanijua. Nitaandika yaliyotokea, kwa sababu yapo yanayosemwa mtaani ambayo si kweli.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa chakula. Ulipokaa kisiwani Nosy Be kwa shangazi yako Sitti, katika kijiji cha Marodoka, ulipata kazi katika hoteli ya Mchina nyuma ya soko la mji wa Andoany, ukarudi kwetu unanukia vitunguu na moshi. Mara ngapi ulinieleza kwamba karai la Waislamu lilitundikwa peke yake, halikuguswa na mafuta ya nguruwe? Sikusadiki, na upishi wenyewe nikauona najisi. Miaka mitatu ulikaanga wali nyumbani kwangu, nami sikuutia mdomoni.

Hukukasirika. Uliwakaangia baba yako na mdogo wako Hayrat. Ulisema hoteli za bandarini hapa Mahajanga zinaharibu wali kwa kuukaanga ungali moto, unavurugika kama uji. Wali shurti ulale, punje ziachane, ndipo uone karai lenye moto mkali, yai, majani ya vitunguu, kamba wakavu, na pilipili nyingi kuliko wanavyostahimili watu wenye akili. Kiporo ambacho wengine walikidharau, wewe ulikifunika kwa kitambaa safi.

Kisha ukaja mwaka serikali ilipokusanya mchele, kila nyumba ikaachiwa kipimo chake tu. Baba yako Mroivili, mtunza vyombo vya msikiti, alikuwa na gunia chini ya kitanda chetu: mchele wa Maulidi, ambao kila nyumba ilitoa bakuli moja. Asubuhi moja Hayrat alirudi kutoka bombani akasema askari wameanza msako mtaa wa chini, na fundi cherehani amekwisha kuchukuliwa, mikono imefungwa kamba. Waliokamatwa walipelekwa kuvunja mawe ya barabara, na baba yako ana kifua kibovu. Mimi ni mkunga, diploma ninayo, na mapafu yale nimeyasikiliza mwenyewe. Asingerudi.

Yeye alitaka kulifukia gunia uani. Nikamwambia udongo mbichi utaonekana. Mimi nikataka tulipeleke wenyewe kabla hawajafika. Wewe ulikuwa umekwisha kuwasha moto.

"Wanatafuta magunia, mama," ulisema. "Sufuria hazimo katika amri yao."

Tulipika kwa sufuria nne za msikiti, na lile gunia tupu tukalichoma jikoni. Ulitandaza wali juu ya mikeka, Hayrat akaupepea, ukaanza kukaanga ule uliotangulia kupoa. Mimi nilisimama mlangoni. Askari walikuwa nyumba ya sita kutoka kwetu, kisha ya tano.

Hapo jirani yetu Echata akachungulia juu ya ua. Akaona sufuria za msikiti, mikeka, wali wa watu mia, na siku yenyewe si ya arusi wala ya sikukuu. Kwetu hilo lina maana moja. Alijifunika leso akaingia akilia, na nyuma yake wanawake kumi, wanalia pia. Askari wakaingia nyuma ya wanawake.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa huku huku. Alijua kwamba chakula cha matanga huchangwa na mtaa, hakuuliza habari za wali. Alivua kofia, akaniuliza kwa Kimalagasi nani amefariki.

Sijapata kusema uongo juu ya kifo. Kazi yangu hainiruhusu. Nilifungua mdomo niseme hakuna, nawe ukanitia kijiko kizima cha wali wa moto.

"Onja chumvi, mama," ulisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Pilipili ilinipanda hadi machoni. Machozi yakanitoka, kusema nikashindwa, kutema nikashindwa. Yule askari alinitazama, akainamisha kichwa, akasema pole, akawatoa wenzake.

Walipopinda kona, Echata aliuliza, "Basi tunamlilia nani?" Baba yako akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Echata hakucheka. Alisema nyumba ikililiwa bure, kifo hakikosi kuja kudai haki yake. Hata hivyo alikula sahani mbili. Mchele wa Maulidi ukaliwa siku ile na mtaa mzima, na hakuna aliyedai bakuli lake.

Miezi mitano baadaye ukaugua. Tangu mazishi yako maneno ya Echata yanatembea nyumba kwa nyumba, kwamba kifo ulijiitia mwenyewe. Nawajibu hapa mara moja tu. Homa ile niliiona ikiua watu wanane mtaani kabla yako, na hao wanane hawakukaanga wali. Ulichofanya siku ile ni kumbakiza baba yako. Ninapoandika haya anakohoa chumbani.

Lililo langu ni jingine. Nilimeza wali ule na sikukuambia kwamba ulikuwa mzuri. Nilikuwa na miezi mitano ya kukuambia. Nilikuambia umezidisha pilipili.

Hitima yako ni Ijumaa hii, nyumbani, baada ya sala. Wazee wamenikumbusha kwamba chakula cha hitima ni pilau. Nimewajibu kwamba wali utapikwa Alhamisi, ulale, na nitaukaanga mwenyewe. Echata nimekwenda kumwalika kwa miguu yangu. Nimemwambia aje, akae mstari wa mbele, ale ashibe, kisha ayarudie maneno yake mbele ya Mroivili.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Halimati, baba yako Mroivili, mdogo wako Hayrat, na shangazi yako Sitti wa Marodoka. Maadamu tu hai, Ansoifa, hatutakusahau.