Klori juu ya vioo vya fedha

Bunia, siku ya mardi, mangaribi

Zote tano! Hata moja haikubakia.

Siye tulingojea zile vioo za kupimia damu miezi mingi. Zimepakwa madini ya fedha yenye vinundu vidogo, jicho haioni. Alama ya ugonjwa ikinasa pale, hata kama iko kidogo sana mu damu, mwangaza wa laser unaionyesha. Leo tulipaswa kupima damu ya mutoto mumoja wa kijiji ya Bule. Vipimo vingine vyote vimeshindwa kujua homa yake inatoka wapi.

Nilienda kula. Kurudi, nikamukuta Mama Lotsove, mwenye kusafisha labo, amezipulizia klori na kuzipangusa na kitambaa. Fedha imekuwa kijivu kama majivu.

Nikamupigia kelele: "Mama, umeharibu yote!"

Akajibu: "Docta, wakati wa Ebola ni weye ulinifundisha. Kitu yote inaingia humu, pulizia kwanza."

Ni kweli. Nilimufundisha kwa ukali, mpaka alilia.

Kesho nitamuomba musamaha. Lakini mama wa mutoto alingoja tangu asubuhi, amekaa kwenye banki ya mbao inje ya labo, nikamuambia arudi kesho. Akirudi nitamuambia nini? Kwamba tulisafisha sana?