Mama Kwenye Lango la Mfereji

Neema, mjukuu wangu,

Hapa Burnsville, Minnesota, sote wazima, baba yako yuko kazini mji jirani wa Shakopee. Unauliza kama nilichukia nilipokutembelea chuoni ukawaambia wenzako kwamba mimi ni mama mmoja wa kanisani kwenu tu, si bibi yako. Sikuchukia. Nilikumbuka aibu yangu.

Nilipokuwa nasoma Ufaransa, mama yangu alinitembelea, tukapanda boti ya matembezi kwenye mfereji huko mashambani. Boti iliposimama kwenye lango la kuzuia maji, mama alimwona mzee mlinzi wa lango akisukuma peke yake boriti ya kulifungua. Akashuka, akakaza kitenge, akasukuma naye. Abiria wakacheka. Mmoja akaniuliza kama huyo ni mama yangu. Nikasema simjui.

Mama alisikia. Aliporudi botini alikaa benchi la mbali hadi jioni, ili nisionekane mwongo.

Bibi yako, anayeona haya hadi leo