Goti, Pumzi na Mkeka Ulioelekea Jikoni

Kosa la wengi wanaoanza yoga ni kubana pumzi. Mimi nimelifanya kosa hilo kwa ufundi kuliko wengi, na nitaeleza kwa nini.

Leo ni Jumamosi. Manyunyu ya asubuhi yamekatika lakini kuta bado zina unyevu, na goti langu la kulia lilipata habari hiyo kabla yangu.

Naanza na shaka, maana ndiyo iliyonitangulia mlangoni. Binti yangu Maryamu kazi yake ni kuwanyoosha wagonjwa viungo, na jioni huwafundisha yoga wanawake wa mtaa wa Wiyoni ukumbini mwetu. Wakiwapo mimi hutoka. Wakiondoka, humhoji.

"Mwasema maneno gani mkikaa hivyo?"

"Hatusemi kitu, Baba. Bi Khadija husema 'uwii' akijinyoosha. Basi."

Sikuridhika. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba zoezi hili lilizaliwa India, ndani ya ibada ya watu. Wako wasemao kwamba ibada imebaki kwao na kwetu limekuja zoezi tupu. Mimi si mwepesi wa kuamini kitu kinachodai kimekuja kitupu. Tena nimewaona watalii wa kijiji cha Shela juu ya mapaa yao, miguu juu, nyuso chini, wamefumba macho kana kwamba wanasubiri kujibiwa.

Lakini tangu Ramadhani iliyopita nasali juu ya kiti cha plastiki, pembeni mwa safu. Gegedu la goti limelika, na daktari alisema goti lisiachwe likakakamaa. Kusali kwa kukaa ni ruhusa, nami nimewaeleza wagonjwa wengi niliowazuru kwamba sala yao haijapungua kitu. Niliwaeleza vizuri, wakatulia.

Mwenyewe sijatulia. Paji langu la uso linaikosa ardhi.

Ndipo nikamkubalia Maryamu, kwa masharti. Tuwe sisi wawili tu. Pasiwe na neno nisilolijua maana, wala kuunganisha viganja kama wafanyavyo wale wa Shela. Na mkeka usielekee kibla, kwa sababu sitaki mwili wangu uinamie upande ule kwa nia mbili. Nilitarajia mabishano. Yeye akaushika mkeka, akaugeuza upande wa jikoni, akautandaza.

"Haya, Baba. Sasa waelekea samaki."

Mkao alioniwekea ni ule wa mtoto mchanga alalaye kifudifudi: unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mbele taratibu. Mimi nilihitaji mto kati ya makalio na visigino, na mwingine chini ya goti. Siku ya kwanza nilifika nusu, nikaona nyota. Siku zilizofuata mambo yalikuwa yale yale, na nikawa nusu nafurahi kwamba shaka yangu ilikuwa na haki.

Mwishowe Maryamu akauliza, "Baba, mbona hupumui?"

Kweli sikuwa napumua. Hapa ndipo penye maelezo niliyoahidi. Nimelelewa katika usomaji wa maulidi, na msomaji kwetu husifiwa kwa pumzi ndefu. Aliyevuta pumzi katikati ya mstari aligeukiwa na wazee wote. Kwa hiyo tangu utotoni, jambo likiwa zito, mimi hujaza kifua na kukifunga mpaka nilivuke. Kwa kasida hilo ni sifa. Kwa goti ni balaa: kifua kikifungwa, mgongo hukaza, nyonga hukaza, na goti hubebeshwa mzigo wa wote.

Juzi jirani yangu Bwana Athmani alinikuta nimekaa dakani, kwenye viti vya mawe mbele ya nyumba.

"Bwana Salim, nasikia wajifunza sarakasi."

"Najifunza kuinama."

"Kuinama ndia yake ni msikitini, Bwana."

Kwamba njia ya kuinama ni msikitini ni maneno yale yale niliyomwambia Maryamu mwanzo, tena kwa sauti kali zaidi.

Usiku niliyatafakari, na acha niandike ukweli. Shaka yangu haikuwa ya dini peke yake. Nilichokiogopa ni kujaribu kweli kweli na kushindwa. Maadamu ninashuku, kile kiti ni cha muda.

Nikishajaribu na kushindwa, kiti ni changu.

Asubuhi ya leo nikapiga magoti tena. Nilipoanza kuinama niliiachia pumzi itoke, polepole, bila kuihesabia heshima wala aibu. Mgongo ukalegea. Nikaiachia nyingine. Halafu nikasikia harufu ya ukindu karibu sana, na paji langu likagusa mkeka.

Maryamu alisema anakwenda kugeuza samaki. Samaki hakuwa bado motoni.

Adhuhuri nimesali nyumbani, juu ya mswala, nimeelekea panapostahili, kiti kikiwa nyuma yangu. Rakaa ya kwanza nilishuka. Nilisabihi kwa kunong'ona, pumzi ikitoka pamoja na maneno, na ardhi ilikuwa pale pale nilipoiacha. Kuinuka nilishika kiti, na goti likanilaumu. Rakaa tatu zilizobaki nimezisali nimekaa.

Kwa hiyo kiti kipo, nami nimeshuka. Yote mawili ni kweli.

Shaka nayo ipo. Jina la jambo hili bado linanikereketa. Mkeka hautageuzwa. Tabasamu la Maryamu wakati wa chakula nalo nililitilia shaka, ingawa samaki alikuwa mtamu. Bwana Athmani sijamwambia kitu, lakini nimeona anavyoteremka ngazi za msikiti, mkono ukutani, mashavu yamejaa pumzi.

Nawe mwenye goti kama letu: leo, kabla hujainama hata kuokota kiatu, toa pumzi kwanza.