Mahindi ya Vanishi kwa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, niokoe kabla mvua haijaninyeshea aibu, maana nimekwama na mimi si mtu wa kukwama, ulizia mtu yeyote hapa Karatu mjini habari za Emilian wa bustani ya loji utaambiwa huyo kijana hakosi kitu, shule niliiacha kidato cha pili lakini Kiingereza nawapiga wageni mpaka wananiuliza nimesomea wapi, na sura Mungu hakunibania. Jina langu liandike tu, nimezoea kujulikana.

Nina mchumba anaitwa Antonia, kwao Mbulumbulu, na mama yake, anayeitwa Leonida, alikuwa na mahindi yake ya kienyeji aliyorithi kwa mama yake, yale ya rangirangi, meupe yamechanganyika na punje nyekundu na nyeusi, wanasema makande yake yanaiva laini na fukusi hawayashambulii ovyo kama haya ya kisasa, na kila mavuno alikuwa anachagua mihindi ya mbegu, anaifunga kwa maganda yake, anaining'iniza juu ya jiko ipigwe moshi, na binti yeyote wa ukoo akiolewa anaondoka na mihindi kadhaa. Sasa mwaka ule wa ukame njaa ilibana wakapika mpaka mbegu, na tangu hapo mama ananunua mbegu dukani na kununa ananuna.

Nilipokwenda kujitambulisha nikaanza kuzungumzia ng'ombe wa mahari, akanikata. "Ng'ombe wapo, baba. Si unasema Karatu nzima wewe hukosi kitu? Basi niletee mbegu yangu."

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikamwambia, "Mama, hiyo mbona kazi ya asubuhi moja."

Na kweli Mungu si Athumani, wiki ileile pale loji wakawa wanabadilisha mapambo ya ukumbi wa chakula, wanashusha vibuyu na ngao na mafungu ya mahindi ya rangirangi yaliyoning'inia ukutani tangu sijaajiriwa, meneja akasema anayetaka achukue, nikachukua, nikapanda pikipiki mpaka Mbulumbulu nikasema nimepewa na bibi yangu wa Endabash, wakati bibi yangu wa Endabash anafuga kuku na mahindi anayanunua sokoni. Mama Leonida akaufuta muhindi kwa khanga, ukang'aa, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaita, "Antonia, njoo uone jiko la mtu. Huu umepigwa moshi ukakolea. Huyo bibi ni mwenye nyumba kweli, siyo wewe unayeacha moto unazimika ukichezea simu." Antonia akaniangalia jicho ambalo sijawahi kuangaliwa, na mimi nimeangaliwa sana.

Nimerudi kazini nikamsimulia Thomasi, fundi seremala wetu, akacheka mpaka akakaa chini. "Moshi gani, bwana mdogo? Hayo nimeyapaka vanishi mimi kwa mkono wangu, na kabla ya hapo tuliyaoka kwenye oveni ya mpishi yasibunguliwe. Mama mkwe wako anapanda mahindi au anapanda kabati?"

Kumbe kule Mbulumbulu mama ameshaghairi kununua mbegu ya dukani, na Jumamosi amewaita kina mama wa jumuiya waje wapukuchue wagawane, kila mtu akapande, halafu anataka kwenda Endabash na asali kumshukuru bibi. Rafiki yangu Wilibrodi anasema ninunue mbegu ya duka la pembejeo, nioshe ile rangi ya dawa, niibadilishe kabla ya Jumamosi, mahindi ni mahindi. Mimi naona bora nimfundishe bibi maneno ya kusema halafu mbegu zisipoota tuseme ni mchwa. Naomba uniambie ipi ni bora kati ya hizo mbili. Usiniambie nikaseme ukweli, hilo nimeshaliwaza na halijanipendeza.

Emilian, Karatu mjini

JIBU

Emilian, umesema jina liandikwe, limeandikwa. Gazeti hili linafika Karatu Alhamisi, na pale Mbulumbulu hawakosi wasomaji. Kwa hiyo ama utalitangulia, ama litakutangulia.

Nimecheka, sikatai. Halafu nikawafikiria wale kina mama, wametifua mashamba yao, wamefukia punje za vanishi, mvua imenyesha, wanakaa kusubiri. Wewe unaogopa kuchekwa. Wao watakosa chakula mwaka mzima, na atakayelaumiwa ni Leonida kwa sababu ndiye aliyewaita. Huyo mchwa wako hatamsaidia.

Ushauri wa Wilibrodi utupe. Ile rangi ni sumu ya wadudu, haiondoki kwa maji, na utaiosha kwenye beseni ya nani? Isitoshe, ile ni mbegu chotara. Mama mkwe wako atachagua mihindi mizuri aining'inize jikoni kama alivyozoea, na msimu wa pili kila mche utaota na tabia yake, mmoja mrefu, mwingine hauna hata muhindi. Atajiona amesahau kazi aliyofundishwa na mama yake. Ndivyo unavyotaka kumzeesha?

Na bibi yako muache na kuku wake.

Sasa sikiliza, mjanja usiyekosa kitu. Umeandika mwenyewe kwamba mabinti wa ukoo wakiolewa wanaondoka na mihindi, kisha ukakimbilia ukutani kwa wageni. Mbegu ya Leonida haijafa, imeolewa. Muulize aliwapa akina nani na wako wapi, kisha hiyo pikipiki yako ifanye kazi ya maana. Usiridhike na nyumba moja, kusanya mihindi michache kwa kila atakayekuwa nayo, kwa sababu mahindi yaliyozaliwa na muhindi mmoja hudhoofika haraka. Uliza pia kama yalipandwa karibu na ya dukani, maana chavua inabebwa na upepo na haina adabu ya mipaka. Usichague wewe. Apelekewe Leonida achague, macho anayo, vanishi tu ndiyo hakuwahi kuijua.

Mbegu zikipatikana chache, zipandwe kwenye kijishamba cha peke yake, mbali na mahindi ya majirani, au zitangulie wiki kadhaa ili zisichanue pamoja. Shamba kubwa mwaka huu lipandwe mbegu ya dukani, na hiyo utanunua wewe. Yale ya lojini yachome, yasije yakaingia chunguni wala kuliwa na kuku.

Mambo ya Antonia siyaamui mimi, na usimtume akakusemee. Nenda leo, fika kungali mwanga. Ukikaribishwa usianze na habari za safari wala hali ya barabara. Sema, "Mama, yale mahindi ni pambo, nilikudanganya." Kisha funga mdomo, na usiufungue mpaka yeye amalize, hata kama atamaliza kesho.