Siku Nyekundu na Siku za Kijani

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele kutoka kwetu. Hujambo huko? Kifua cha mtoto kimepona? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi tu wazima. Mama anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue afya anayo.

Kwanza nikushukuru kwa tovuti uliyotutengenezea. Tangu watu waione, hatupumziki kwa maombi ya viti na mahema. Wengi huangalia picha kisha wanapiga simu, na kaka yako ndiye anayetazama ile kalenda yako na kuwajibu: kijani siku iko wazi, nyekundu imechukuliwa.

Sasa tulia nikueleze. Mwezi uliopita aliahidi mahema yetu kwa harusi mbili, Jumamosi moja. Mama wa bibi harusi wa pili alitusema mpaka nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Tukaazima mahema kwa watu, tukanusurika. Baada ya wiki chache akarudia kosa lilelile. Safari hii hakujitetea. Alikwenda kukaa ghalani kati ya mahema yaliyokunjwa, na nilipomfuata akaniambia, "Mama watoto, imeanza. Naanza kama Baba."

Unajua alimaanisha nini. Baba yenu alianza kwa kusahau tarehe, akaishia kutuuliza sisi ni nani. Niliogopa, wifi. Kaka yako akawa hashiki simu, anasema tuuze ghala kabla hajatuaibisha zaidi. Nilikuwa nikimtazama akifunga kamba za viatu na kujiuliza atazisahau lini.

Basi siku moja nikafagia ghala na kuhamisha viti. Vyekundu, ambavyo miaka yote hukaa mlangoni, nikavipeleka ukutani, na vya kijani nikavileta mlangoni. Kesho yake mteja akataka vyekundu. Kaka yako akapakia vya kijani, lori zima, bila wasiwasi wowote.

"Baba watoto," nikamwambia, "hivi ni vya kijani."

Akavitazama, akanitazama mimi. "Si vyekundu ndivyo vya mlangoni?"

Hapo ndipo kichwa changu kilipoamka. Nikamketisha mbele ya kalenda yako, nikamwambia anioneshe siku zilizochukuliwa. Alipitisha kidole kutoka siku hadi siku. "Kwangu mimi zote zinafanana," akasema. Kumbe ni tangu utotoni. Shuleni walimcheka kwa kupaka majani ya mti rangi nyekundu, akajifunza kunyamaza na kukariri mahali pa kila kitu. Ndiyo maana tulipokuwa tukiandika tarehe kwenye daftari hakukosea. Daktari wa macho naye amesema ni macho tu, alizaliwa nayo hivyo. Akili yake ni nzima, wifi, nzima kabisa. Nililia na kucheka kwa pamoja, mpaka dereva wa lori akadhani tumefiwa.

Kwa hiyo naomba utubadilishie rangi. Siku iliyochukuliwa iwe buluu iliyokolea, iliyo wazi iwe nyeupe, na ndani yake pawe na maneno kabisa. Yale maandishi ya kijivu uyakoleze pia, Mama anasema yanaonekana kama yamefuliwa mara nyingi. Na ile rangi ya waridi uliyoipendekeza, samahani mpenzi, ibakize kwa kucha zako.

Buluu ameichagua mwenyewe. Nilimuuliza rangi gani haimchanganyi hata kidogo, akaitaja papo hapo. Unakumbuka nilivyokulalamikia? Gauni la buluu, kitambaa cha buluu, hata ndala za buluu. Nilisema kaka yako hajisumbui kuchagua. Kumbe alikuwa akininunulia rangi anayoiona vizuri.

Jana nilivaa lile gauni la zamani nikasimama ng'ambo ya barabara, katikati ya watu. Alinipungia mkono kabla sijamwita.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mapacha wetu wanamsalimu shangazi yao na kumkumbusha viatu alivyowaahidi. Mbusu mtoto, msalimie shemeji mkoromaji. Mungu awalinde huko mliko, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Wako akupendaye, mwenye gauni la buluu,
Wifi yako.