Sahihi ya Tarjei kwenye Machweo ya Baba

Shamba la Nordli, Norwe
4 Aprili 1897

Dada Ragnhild mpendwa,

Shikamoo kutoka huku nyumbani. Huko Minesota mguu ulioteguka unaendeleaje? Shemeji Olav hajambo? Sisi tu wazima, ila kikohozi cha Mama hakijamwacha.

Najua ulilia ulipopata habari kwamba Baba alitutoka Januari. Leo sikuandikii ulie. Nina kisa kilichonikaa rohoni kama kaa la moto hadi Jumapili iliyopita.

Unamjua Baba na jua lake la baridi. La kiangazi hakulijali, alisema linapiga kelele. Yeye alingoja mwisho wa Novemba, majani yamekwisha, jua linapita chini chini na kubakiza robo saa tu ya kuaga. Hapo theluji huwa ya waridi kama nyama ya samaki samoni, vivuli vya misonobari huwa buluu, na anga juu ya mlima njano ya kiini cha yai. Desemba iliyopita tulimbeba na kiti chake hadi dirishani siku kumi na nane, robo saa kila siku, akalichora. Hakuwahi kuchora picha nzuri kama ile. Nguvu za kutia sahihi hakuwa nazo tena.

Siku ya mazishi picha ikatoweka. Jumapili nikaikuta kwenye ukumbi wa shule, na chini kwenye theluji pameandikwa Tarjei Bakken. Tarjei huyo huyo, mwanafunzi wa Baba, aliyekula kwetu miaka sita! Mgeni kutoka mji mkuu, Kristiania, alikuwa amekuja kuchagua picha za maonyesho makubwa, na hiyo ndiyo aliyoishika kwanza. Baba angezikwa mara ya pili.

Ningeweza kumparura uso. Nikajizuia, maana nilitaka ajifunge mwenyewe. Nikamwuliza kwa sauti ya asali, mbele ya watu wote, alikuwa amesimama wapi alipoichora. Akamtunishia mgeni kifua.

"Mlangoni kwangu, Desemba nzima. Jua la jioni la kwetu halina mfano."

Dada, kwao unakujua: ng'ambo ya mto, mlima umewaziba, jua hawalioni tangu Oktoba hadi Februari. Mama yake, aliyekuwa ubavuni pake na uziwi wake ule wa nusu, akapaza sauti bila ubaya wowote.

"We Tarjei, jua la Desemba kwetu umelitoa wapi? Siagi ya kulikaribisha likirudi si naipaka dirishani Februari, au ndiyo nimezeeka?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Njia ya mwongo ni fupi, dada. Nikamkabidhi Tarjei kisu cha Baba cha kukwangulia rangi, akalikwangua jina lake kwa mkono wake, nami nimesimama palepale namtazama. Mchungaji akanisihi nimsamehe. Nilikataa, na sijutii.

Nisalimie shemeji, mjomba Knut na watoto wote. Mungu awape mavuno mema.

Picha inakwenda Kristiania kwa jina la Baba, Halvor Nordli. Kisu kiliondoka na theluji kidogo ya pichani, na mgeni anaye fundi wa kupaziba. Nimemkatalia. Pabaki wazi hivyo hivyo, na kila atakayeuliza pamefanywa nini atajiwe Tarjei, jina lake na la baba yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aslaug